Injini Mbele, Injini Nyuma: Ndege ya Kuvuta na Kusukuma na Watu Wanaoipenda

Katika chumba cha rubani cha ndege ya Cessna 337 Skymaster kuna kibao kidogo kilichobandikwa kwa agizo la Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA. Ujumbe wake ni mfupi: ni marufuku kuanza kupaa kwa injini moja. Asiyeijua ndege hii akiusoma huguna. Nani mwenye akili timamu, akiwa na injini mbili, atawasha moja tu na kushika njia? Lakini agizo hilo la mwaka 1977 lilikuwa na sababu zake. Walikuwapo marubani walioingia kwenye njia ya kurukia, wakasukuma vishikio vyote viwili vya mafuta, ndege ikaanza kukimbia, kumbe injini ya nyuma ilikwisha kuzimika zamani wakiwa bado wanaelekea huko. Njia ikawaishia kabla ya ndege kunyanyuka.

Mhadhara huu unahusu ndege hiyo na jamaa zake, yaani ndege ambazo injini zake mbili hazikukaa kwenye mabawa, moja kulia na nyingine kushoto, bali zimepangwa mstari mmoja: ya mbele inavuta, ya nyuma inasukuma. Aliyewahi kuona mkokoteni uliojaa magunia ukipitishwa pale Kariakoo, mmoja akivuta mbele na mwenzake akisukuma nyuma, ameshaelewa mpango wote. Swali linalobaki ni kwa nini mpango mwepesi hivyo kueleweka haukuenea, na kwa nini wachache walionunua ndege hizi wanazing'ang'ania hadi leo.

Jibu linaanzia kwenye hofu ya marubani wa ndege za kawaida za injini mbili. Injini zote zikivuta sawasawa, ndege huenda moja kwa moja. Ya kushoto ikizimika wakati wa kupaa, ya kulia hubaki ikivuta kwa nguvu zote kutoka pembeni, na pua ya ndege hukimbilia kushoto. Propela iliyokufa nayo hugeuka kuwa breki, kwa kuwa mapanga yake yanaendelea kuzungushwa na upepo bila faida yoyote. Rubani ana sekunde chache tu za kukanyaga pedali ya kulia, kulaza ndege kidogo upande wa injini nzima, kutambua ni ipi iliyokufa, kuyageuza mapanga yake yakae ubavu kwa upepo, na kukunja magurudumu. Wapo waliopaparika wakaizima injini iliyo nzima.

Ubaya zaidi ni kwamba kila ndege ya namna hiyo ina mwendo wake wa chini kabisa, uliochorwa mstari mwekundu kwenye saa ya mwendo. Ikiwa chini ya mwendo huo na injini moja tu inavuta, usukani wa mkia hauwezi tena kushindana na injini hiyo. Ndege huzunguka, hubinuka, na ikiwa karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuirekebisha. Ndiyo maana miongoni mwa marubani kuna utani wa kale usemao kwamba kazi ya injini ya pili ni kumfikisha rubani mahali pa ajali.

Injini zikiwa kwenye mstari mmoja, sehemu kubwa ya balaa hilo huondoka. Moja ikizimika, pua haikimbilii popote, kwa sababu ile iliyobaki inavuta au kusukuma katikati ya mwili wa ndege. Hakuna pedali ya kukanyaga kwa haraka, wala mstari mwekundu wa kuogopa. Rubani aliyezoea ndege ndogo ya injini moja anaweza kuielewa mara moja.

Lakini kuna jambo ambalo mpango huu hauliondoi, nalo ndilo wauzaji hawakupenda kulirefusha. Walimu wa urubani husema kwamba ndege ndogo ya injini mbili ikipoteza moja, hupoteza nusu ya nguvu lakini hupoteza hadi asilimia 80 ya uwezo wake wa kupanda juu. Nguvu nyingi hutumika kuiweka tu ndege angani. Kinachoipandisha ni ile ziada, na ziada ndiyo inayokwenda. Hesabu hiyo haijali injini zimekaa wapi. Ndege ya kuvuta na kusukuma ikizimikiwa injini siku ya joto, imebeba watu sita na mizigo yao, itakwenda moja kwa moja kwa utulivu mkubwa, na huenda isipande.

Wazo lenyewe ni la zamani. Wajerumani wa kampuni ya Siemens-Schuckert walijaribu ndege ya kivita ya namna hii mwaka 1917 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ilianguka katika safari yake ya kwanza. Aliyelifanya wazo kuwa kazi ya maisha ni mhandisi Claude Dornier. Ndege yake ya majini iliyoitwa Wal, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1922, ilikuwa na injini mbili zilizowekwa juu ya bawa, moja nyuma ya nyingine, mbali na maji ya bahari yanayorukaruka. Mwaka 1925 mvumbuzi wa Norway, Roald Amundsen, alichukua Wal mbili, N24 na N25, kuelekea Ncha ya Kaskazini. Walitua kwenye barafu kabla ya kufika, wakakwama, wakaiacha N24, na kwa wiki tatu na zaidi wakalima barafu kutengeneza njia ya kurukia. Watu wote sita wakarudi wakiwa wamejibana ndani ya N25. Mwaka uliofuata Mhispania Ramón Franco alivuka Atlantiki ya Kusini kwa Wal nyingine hadi Buenos Aires. Waitaliano nao walikuwa na Savoia-Marchetti S.55, yenye viwiliwili viwili na injini mbili mgongo kwa mgongo juu ya bawa. Italo Balbo aliongoza kundi la ndege hizo 24 hadi Chicago mwaka 1933.

Dornier akazidisha. Ndege yake Do X ya mwaka 1929 ilikuwa na injini 12, jozi sita za kuvuta na kusukuma zilizosimamishwa juu ya bawa kama vibanda, na mwezi Oktoba mwaka huo iliruka ikiwa na watu 169, idadi ambayo haikuwahi kusikika. Hapo ndipo ugonjwa wa ukoo huu ulipojitokeza wazi: injini za nyuma zilichemka. Zilikuwa za kupozwa kwa hewa, na hewa iliyozifikia ilikuwa imekwisha kupita kwenye injini za mbele. Ilibidi zote 12 zing'olewe na kuwekwa za kupozwa kwa maji. Anayetaka kuielewa Skymaster aikumbuke Do X, kwa maana injini ya nyuma ya ndege za aina hii, katika kila kizazi, hupata hewa iliyokwisha kutumika.

Mtoto mkali kuliko wote wa Dornier ni Do 335, ndege ya kivita iliyoruka mwezi Oktoba 1943. Injini ya pili ilifichwa katikati ya mwili, ikazungusha propela iliyo nyuma kabisa ya mkia kwa mhimili mrefu. Mwendo wake ulifika kilomita 760 hivi kwa saa, jambo la ajabu kwa ndege ya propela. Rubani akilazimika kuruka nje angekutana na propela ya nyuma, kwa hiyo ilimbidi kwanza alipue kwa baruti propela hiyo na pezi la juu la mkia, kisha kiti kimrushe. Vita ilikwisha kabla hazijafika vitani kwa wingi. Moja tu imebaki duniani, katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani.

Kampuni ya Cessna, ya Wichita, jimbo la Kansas, iliuchukua mpango huu kwa nia ya biashara. Marekani ya miaka ya 1950 ilikuwa na maelfu ya watu wenye ndege ndogo za injini moja: madaktari, wafugaji, mawakili, wenye maduka. Walitaka kuvuka milima na maziwa usiku bila wasiwasi, ila waliziogopa ndege za injini mbili, na wake zao waliziogopa zaidi. Cessna ikawatengenezea 336. Iliruka mara ya kwanza tarehe 28 Februari 1961 na kuanza kufika kwa wanunuzi mwaka 1963. Bawa lilikuwa juu, kabini kama kibanda katikati, injini moja puani na nyingine mgongoni mwa kabini, na mkia ulishikiliwa na boriti mbili zilizotoka kwenye mabawa ili kuipa propela ya nyuma nafasi ya kuzunguka. Magurudumu hayakukunjwa. Nia ilikuwa kumpa mwenye ndege vitu vichache vya kukumbuka.

Soko halikuona hivyo. Ziliuzwa 195 tu. Mnunuzi wa ndege ya injini mbili hununua pia fahari, na ndege iendayo na miguu nje haina fahari hiyo. Mwezi Februari 1965 ikatoka 337, magurudumu ya kukunja, injini mbili za Continental zenye nguvu za farasi 210 kila moja, na jina Skymaster likashika. Baadaye zikaja zenye injini za turbo kwa ajili ya kupaa juu zaidi, na katika miaka ya 1970 zenye kabini ya shinikizo la hewa. Kampuni ya Reims ya Ufaransa nayo ilizitengeneza kwa kibali. Hadi Wichita inafunga kazi hiyo mwaka 1980, jumla yake pamoja na za kijeshi ilikaribia 3,000. Si haba, lakini si mapinduzi yaliyotarajiwa.

FAA nayo iliongeza pilipili kwenye kidonda. Rubani aliyefanya mtihani wa injini mbili kwa Skymaster alipewa leseni yenye sharti: aruhusiwe kurusha ndege za msukumo wa katikati tu. Akitaka kurusha nyingine, arudi shule. Marubani wa kijeshi waliofunzwa kwenye jeti ambazo injini zake mbili zimebanana katikati hukutana na sharti hilo hilo. Mantiki yake haina kosa, maana hawajawahi kupambana na injini ya pembeni. Lakini kwa biashara ya Cessna lilikuwa pigo: ndege iliyoundwa kwa ajili ya wanaoogopa injini mbili ilimwachia rubani karatasi inayotangaza woga wake.

Sasa kile kibao. Skymaster ikiwa chini, ikijikokota kwenye jua kuelekea njia ya kurukia, injini ya nyuma hupata hewa kidogo kupitia tundu lililo juu ya paa la kabini. Siku ya joto kali huchemka, na ikiachwa ikizunguka polepole inaweza kuzimika yenyewe. Rubani haioni. Kwenye ndege ya kawaida, propela zote mbili ziko mbele ya macho yake, na ndege yenyewe ingevuta upande mmoja. Hapa haivuti kokote. Ile sifa iliyotangazwa, kwamba injini ikifa hakuna kinachoyumba, ndiyo iliyowanyima marubani taarifa. Sauti ya injini ya mbele inayajaza masikio, mshale wa injini ya nyuma umelala sifuri, na anayeharakisha hautazami.

Kuna la ziada linalofanya jambo hili liwe zito. Injini mbili za Skymaster hazilingani kwa kazi. Ikibaki ya nyuma peke yake, ndege hupanda vizuri zaidi kuliko ikibaki ya mbele peke yake, kwa sababu propela ya mbele huupuliza upepo wake juu ya mwili mzima wa ndege na kuongeza ukinzani, ilhali ya nyuma huivuta hewa ipite kwa ulaini. Kwa hiyo injini iliyo rahisi kuzimika bila kuonekana ndiyo hiyo hiyo ambayo rubani anaihitaji zaidi. Wahandisi hawakuficha hili; limo katika vitabu vya ndege, tarakimu kwa tarakimu. Ila tangazo la biashara halikuandikwa kutoka kwenye kurasa hizo.

Wenye ndege hizi wamejifunza dawa yake, nayo haina gharama. Wakati wa kupaa husukuma kwanza kishikio cha injini ya nyuma, hutazama mizunguko na mtiririko wa mafuta, kisha ndipo hufuata cha mbele. Kama ya nyuma imekufa, ndege haitoki mahali, na habari inajulikana papo hapo. Wengi huacha pia magurudumu nje mpaka wamevuka miti, kwa kuwa milango ya magurudumu ikifunguka ili yakunjwe, kwa muda huo ukinzani wa hewa huongezeka badala ya kupungua. Rubani aliyetoka kwenye ndege nyingine akiwa na haraka ya kukunja magurudumu hushangaa kuona ndege inazama.

Kwa hiyo wanapenda nini? Wa kwanza atataja usalama, na hadanganyi, hasa kama safari zake ni za usiku au za juu ya maji. Lakini ukweli wa mapenzi yao umekaa kwingine. Bawa liko juu na rubani amekaa mbele yake, kwa hiyo anaona chini pande zote bila bawa wala injini kumzibia. Mfugaji anayehesabu ng'ombe, mpiga picha, mlinzi wa msitu, wote wanakipenda kiti hicho. Ndege ikisimama kwenye uwanja wa vumbi, bawa hilo hilo ni kivuli cha abiria. Halafu kuna sauti. Propela ya nyuma inakata hewa iliyokwisha kuvurugwa na ya mbele, na mabawa na mwili, na mlio unaotoka ni wa kukwaruza usiofanana na wa ndege nyingine yoyote ndogo. Wanaokaa karibu na uwanja huitambua kabla haijaonekana. Jirani anaweza kuona ni kero. Mwenye ndege anaona ni jina lake linatangazwa.

Kuna pia bei. Kwa kuwa wengi wanaiogopa sura yake, 337 iliyotumika huuzwa kwa bei ya chini ikilinganishwa na ndege nyingine za injini mbili zenye uwezo huo. Bei ya kununua ni moja na bei ya kukaa nayo ni nyingine. Injini mbili za silinda sita ni silinda 12 za kuhudumiwa, sawa na ndege yoyote ya injini mbili. Injini ya nyuma, kwa joto lake, inataka kutazamwa kwa karibu zaidi. Mawe yanayorushwa na magurudumu huenda moja kwa moja kwenye mapanga ya propela ya nyuma. Abiria wa viti vya nyuma wamekaa mgongo kwa mgongo na injini, ukuta tu ukiwatenganisha, na pahali ambapo ndege nyingine ingeweka mizigo yao pana injini. Ndiyo sababu nyingi hufungwa sanduku la mizigo tumboni. Vipuri vya injini si tatizo kubwa; vipuri vya mwili, kwa ndege iliyoacha kutengenezwa Marekani mwaka 1980, hutafutwa kwa subira. Wenye nazo hujuana, huuziana milango na vioo kutoka kwenye mabaki, na fundi anayezijua husafirishiwa ndege kutoka majimbo ya mbali.

Kazi ngumu ndizo zilizoipa jina. Mwishoni mwa mwaka 1966 Jeshi la Anga la Marekani liliiagiza kwa jina la O-2 kwa vita ya Vietnam, na zikatengenezwa zaidi ya 500. Rubani aliruka chini juu ya msitu, akatafuta adui, akampiga kwa roketi ya moshi ili jeti zilenge hapo. Aina nyingine, O-2B, ilibeba vipaza sauti na vipeperushi. Injini ya pili kwenye msitu wenye bunduki ilikuwa na maana ambayo daktari wa Kansas hakuihitaji kamwe. Huku Afrika, utawala wa walowezi wa Rhodesia, ukiwa chini ya vikwazo vya kimataifa, ulijipatia katikati ya miaka ya 1970 ndege za Reims 337, ukazipa jina la Lynx na kuzifunga bunduki juu ya kabini, zikatumika dhidi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Hiyo nayo ni sehemu ya historia ya ndege hii, hata kama wapenzi wake hawaitaji sana.

Baada ya Vietnam, idara ya misitu ya jimbo la California ilichukua O-2 zilizostaafu jeshini na kuzitumia kuongoza ndege za kuzima moto. Miaka ya 1990, kundi la Wacuba walioishi Miami, Brothers to the Rescue, lililoanzishwa na José Basulto, lilitumia Skymaster kutafuta watu waliokuwa wakitoroka Cuba kwa maboya na mitumbwi kupitia mlango wa bahari wa Florida. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati nasibu: bawa la juu la kuangalia chini, injini mbili kwa ajili ya bahari, na utulivu moja ikifa rubani akiwa anazunguka chini juu ya mawimbi. Tarehe 24 Februari 1996 jeti za kivita za Cuba ziliziangusha mbili kati ya ndege zao tatu, na watu wanne wakafa.

Mbunifu aliyeuchukua mpango huu na kuufikisha mwisho wake ni Burt Rutan wa Mojave, California. Mwaka 1978 alirusha Defiant, ndege ya watu wanne, injini mbili za farasi 160, bawa dogo mbele na kubwa nyuma, isiyo na mkia wa boriti. Aliondoa kila kitu ambacho rubani angehitaji kugusa injini ikifa. Propela zake hata hazigeuzi mapanga; zimekaa kama zilivyochongwa. Injini moja ikizimika, rubani hafanyi lolote ila kuendelea kurusha. Michoro iliuzwa kwa watu wanaojitengenezea ndege wenyewe, na kwa maoni ya mhadhiri hii ndiyo ndege iliyotimiza ahadi ambayo Cessna iliitoa nusu nusu.

Kisha Voyager. Mwezi Desemba 1986 Dick Rutan, kaka yake Burt, na Jeana Yeager waliizunguka dunia bila kutua wala kuongezewa mafuta, siku 9 na dakika chache, kilomita zipatazo 40,000. Hapa injini mbili zilikuwa na sababu ambayo haihusiani kabisa na woga. Wakati wa kupaa ndege ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4,400, na zaidi ya kilo 3,100 zake zilikuwa mafuta. Ilihitaji injini zote mbili ili tu inyanyuke, na hata hivyo ncha za mabawa ziliburuzika kwenye lami ya uwanja wa ndege wa Edwards mpaka zikaharibika. Mafuta yalipopungua, injini ya mbele ikazimwa, na ya nyuma, ndogo na ya kupozwa kwa maji, ikabeba safari. Walivuka Bahari ya Hindi, wakapita juu ya Kenya na kuikata Afrika wakikwepa mawingu ya radi. Asubuhi ya mwisho, nje ya pwani ya Meksiko, injini ya nyuma ikakosa mafuta ikanyamaza. Ndege ikateremka kimya gizani hadi walipoamsha ile ya mbele. Walipotua walikuwa wamebakiwa na kilo 48 hivi za mafuta. Kwenye ndege ya injini za pembeni hesabu hiyo isingewezekana, kwa sababu kuruka siku nyingi na injini moja ya upande mmoja ni kuruka ukiikanyaga pedali muda wote na kuikokota ndege kiubavu.

Wapo waliojaribu tena kuuza mpango huu kwa matajiri. Kampuni ya Adam Aircraft ya Colorado, kwa kutumia wazo lililotoka kwa Rutan, ilitoa A500: kabini ya shinikizo la hewa, injini mbili za farasi 350, boriti mbili za mkia, sura ya kupendeza kiasi cha kuonekana kwenye filamu ya Miami Vice ya mwaka 2006. Ilipata cheti mwaka 2005. Mwezi Februari 2008 kampuni ilifilisika, ndege chache sana zikiwa zimefika kwa wanunuzi.

Makosa ya kampuni hiyo yanaweza kujadiliwa, lakini mpinzani halisi alikuwa mwingine. Mnunuzi aliyekuwa tayari kulipa fedha nyingi kwa ajili ya injini ya pili aliweza sasa kununua ndege yenye injini moja inayotumia mafuta ya jeti, ambayo haizimiki ovyo. Hili linaonekana wazi hapa Afrika Mashariki. Ukienda uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, au kwenye viwanja vya udongo vya Serengeti na Mara, watalii hubebwa na Cessna Caravan, injini moja tu puani, na hakuna abiria anayeuliza ya pili iko wapi. Petroli ya ndege, Avgas, ambayo Skymaster huinywa kwa injini mbili, ni ghali na haipatikani kila uwanja. Mafuta ya jeti yapo. Kwa mwenye kampuni ya hapa, mjadala wa mbele na nyuma hufungwa na bei ya pipa kabla haujaanza.

Hata hivyo Skymaster imepata kazi mpya ambayo waundaji wake hawakuiota. Wanaojaribu injini za umeme wanahitaji ndege ambayo injini ya majaribio ikifa, ile ya kawaida itaendelea bila kumtupa rubani pembeni. Kampuni ya Ampaire ya California ilichukua 337, ikaondoa mojawapo ya injini zake na kuweka mota ya umeme, ikairusha mwezi Juni 2019. Ikafanya safari za majaribio Hawaii mwaka 2020 na Uskoti mwaka 2021. VoltAero ya Ufaransa nayo ilianza majaribio yake ya mwaka 2020 kwa mwili wa 337. Ndege iliyobuniwa kwa ajili ya rubani mwoga imekuwa maabara ya wahandisi jasiri, na kwa sababu ile ile.

Anayetaka kuinunua leo, Nairobi au Kansas, kwanza apime bei ya Avgas mahali atakapokuwa anaruka na aone kama mfuko wake unastahimili injini mbili. Akiridhika, amtafute fundi aliyewahi kuishika 337 amkagulie boriti za mkia, mfumo wa kukunja magurudumu na joto la silinda za nyuma kabla fedha hazijabadilisha mikono. Na hata kama ana leseni ya injini mbili ya miaka mingi, achukue saa kadhaa na mwalimu anayeijua ndege hii, aanze na somo la kusukuma kwanza kishikio cha injini ya nyuma.